Chokaa Juu ya Saruji

Kibali kilisema chokaa. Mimi nikapiga saruji, kisha juu ya saruji nikapaka chokaa mikono miwili, ili mkaguzi akija auone weupe anaoutaka na asipate sababu ya kugonga ukuta. Hakugonga. Alisimama upande wa pili wa uchochoro, akainua kichwa, akaandika alichoandika, tukaagana vizuri. Simlaumu, nilikuwa nimejipanga kumdanganya na nikafanikiwa. Kwa miaka mingi baadaye nilikisimulia kisa hicho barazani kama mfano wa ujanja wangu, na watu walicheka.

Nyumba ni ya mirathi. Marehemu baba alituachia watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, na mimi kwa kuwa mkubwa ndiye niliyeshika funguo. Iko Mji Mkongwe, Unguja, kwenye ule msururu wa maduka unaoanzia Darajani na kujipenyeza ndani kuelekea Mkunazini. Si nyumba ya kupigwa picha na wageni. Haina mlango wenye njumu za shaba, wala hakuna mtu mkubwa aliyezaliwa au kufia humo. Ni nyumba ya duka, moja katika mamia: chini biashara, nyuma stoo, juu watu. Tulipokuwa wadogo hakuna aliyeitamani. Baada ya 1964 wengi wa wenye nyumba kama hizo waliondoka, nyingi zikataifishwa, waliobaki ndani wakaishi bila kukarabati, na mji ukachakaa huku tunautazama. Kisha utalii ukaja, mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika orodha ya urithi wa dunia, na kila aliyekuwa na chumba cha mbele akaanza kupiga hesabu. Mimi sikuwa wa mwisho.

Nitaieleza nyumba ilivyojengwa, kwa sababu bila hivyo kosa langu litaonekana ni la rangi na ndoo.

Watu wakiutaja Mji Mkongwe hutaja nyumba za Waarabu: ukuta mtupu kwa nje, mlango mmoja mzito, ua katikati, maisha yote yamegeukia ndani. Nyumba ya duka imegeukia njiani. Wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Kachi na Gujarati, waliozidi kuja baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, walitaka bidhaa ionekane na mpita njia asiyekuwa na nia ya kununua. Kwa hiyo chini, upande wa mbele, hawakujenga ukuta. Walisimamisha nguzo za mawe, na kati ya nguzo na nguzo wakatia milango ya mbao inayokunjwa, vipande vyembamba vilivyoshikana kwa bawaba. Asubuhi unakunja, duka lote linakuwa wazi. Baraza ya mbele ndiyo kaunta, ndiyo kiti cha mteja, ndiyo mahali pa kutandazia kitambaa. Jioni unakunjua, unatia komeo na pingo, unapanda juu kula. Mwenye duka hakuwa na safari ya kwenda kazini; alishuka ngazi tu.

Upana wa nyumba hauamuliwi na mwenyewe wala na fundi. Unaamuliwa na mkoko. Boriti, ile miti iliyonyooka inayokatwa kwenye mikoko ya Rufiji, ya Lamu na ya kwingineko pwani, ikizidi mita tatu hivi huanza kupinda au kuwa nyembamba mno, na chumba nacho kinaishia hapo. Ndiyo maana nyumba zetu ni nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda ndani, chumba nyuma ya chumba. Dada yangu mmoja ameolewa Muscat. Nilipokwenda kumtembelea aliniingiza katika nyumba ya kale ya wakwe zake, nikatazama dari, nikaujua upana wa kile chumba kabla sijapiga hatua. Boriti zilezile zilipakiwa majahazini zikapelekwa Ghuba karne nyingi, na chumba cha mtu wa Oman, Bahrain au Kuwait kikapimwa kwa mti uliokatwa huku.

Boriti hulazwa karibu karibu. Juu yake vinapangwa vipande bapa vya mawe ya matumbawe, juu yake kifusi, na juu kabisa zege la chokaa linalopondwa na kundi la watu, aghalabu kwa nyimbo, mpaka liwe gumu. Sakafu hiyo ni nzito kweli kweli, na uzito wote unashukia kwenye ncha za boriti, na ncha zimezikwa ukutani. Ukuta wenyewe ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa, makubwa kwa madogo, yaliyolazwa katika udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Unene wake ni nusu mita na zaidi. Ukiutazama unadhani ni jabali. Ukiutoboa unakuta kokoto na udongo, na unashangaa umesimamaje miaka yote hiyo na ghorofa mbili juu yake. Umesimama kwa unene, na kwa kukauka. Masika unalowa, kiangazi unakauka, na lipu ya chokaa iliyo juu yake inaruhusu yote mawili. Paa la kwanza la nyumba hizi lilikuwa tambarare, la chokaa, na lilivuja kama ungetarajia livuje kwa mvua za Unguja. Ndipo watu wakaja kuongeza juu yake mapaa ya bati unayoyaona leo. Nalitaja hilo kwa sababu nililitumia kama hoja yangu: hata wazee walibadilisha vitu.

Fundi wa kwanza niliyemwita alikuwa mtu mzima, mmoja wa waliochanganya chokaa katika ukarabati wa Zahanati ya Kale pale Mizingani, jengo alilolianzisha tajiri Tharia Topan mwaka 1887 na lililokarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni katika miaka ya 1990. Jengo hilo nilikuwa nikilipita kila siku na kulisifu. Fundi alikaa barazani kwetu akaomba maji ya kunywa. Akanywa nusu gilasi. Nusu iliyobaki akaimimina ukutani, taratibu, mahali palipobakia kipande cha lipu ya zamani, ile yenye chembe nyeusi za mkaa wa tanuri na vipande vya kombe. Maji hayakufika chini. Yaliingia yote, likabaki doa jeusi, na tulipokuwa bado tunazungumza doa likaanza kupungua kutoka pembeni.

"Mwanangu, umeona?" akasema. "Huu unakunywa, na ulichokunywa unakitoa. Ukiupiga simenti utakunywa kwa chini, pa kutolea hautapata."

"Nimekufahamu, ami," nikamjibu.

Na kweli nilimfahamu. Hilo nataka lisomeke vizuri, kwa sababu baadaye nilijitetea kwa ndugu na kwa nafsi yangu kwamba sikujua.

Akanieleza kazi yake. Chokaa inunuliwe kwa wachomaji, izimwe kwa maji, ilazwe shimoni wiki kadhaa, na ikipata miezi ni bora zaidi. Lipu ipigwe mikono mitatu, kila mkono ukauke kabla ya mwingine, na ukuta unyunyiziwe maji usije ukapasuka kwa joto. Zile boriti mbili zilizoanza kulegea zibadilishwe. Milango ya kukunja irekebishwe bawaba, kwa kuwa mbao bado nzima. Hesabu yake haikumalizika kabla ya masika ya 2009, na mimi nilikuwa na mpangaji mkononi, mwanamke mwenye biashara ya vitambaa, aliyekuwa tayari kulipa kodi ya mwaka mzima mbele.

Lakini haraka haikuwa sababu yote, na nikiishia hapo nitakuwa nimepunguza. Niliionea haya ile nyumba. Binamu zangu wa Dar es Salaam walikuwa wamejenga Mbezi kuta za matofali unazoweza kuwekea rula. Ukuta wa chokaa una mawimbi; jua la asubuhi likiupiga ubavuni unaona kila jiwe lilivyotoka na kila jiwe lilivyoingia. Binamu mmoja alikuja harusini akapitisha kiganja ukutani kwetu, kikatoka cheupe, akakipangusa kwenye suruali bila kusema neno. Mimi ningeupiga saruji ukuta ule hata kama fundi mzee angefanya kazi yake bure.

Fundi wa pili alikuwa kijana, mwepesi, hana maneno. Vijana wake walibandua lipu yote ya zamani kwa nyundo, vumbi jekundu likajaa uchochoro mzima. Wakapigilia wavu wa chuma kwenye mawe ili saruji ishike. Mchanga niliutafuta wa bei nafuu, na sikuuliza umetoka wapi; leo nina hakika ya kutosha kwamba ulitoka pwani na chumvi yake. Saruji niliamuru izidishwe. Kijana aliniambia inatosha, nikamwambia ongeza, nikidhani mchanganyiko mkali ndio uimara. Juu niliongeza choo cha kisasa, chenye sakafu ya zege, na nondo zake nikazichomeka katika ukuta uleule wa mawe na udongo. Waya za umeme na bomba la maji vikafukiwa ndani ya lipu. Kila kitu kikanyooka.

Milango ya kukunja niliing'oa. Mahali pake nikaweka mlango wa bati unaovingirishwa juu, shata, na ili likae tukakata pembe za kizingiti cha mbao kilichobeba ukuta wa ghorofa ya kwanza. Milango haikulala hata usiku mmoja barazani. Alikuwapo mnunuzi wa vitu vya kale aliyekuwa akizunguka mitaani. Akaitazama, akakwaruza rangi kwa ukucha akaona mbao iliyo chini, akataja bei, nikakubali bila kuvutana. Fedha zile hazikuingia katika daftari la mirathi.

Kazi ilipokwisha nyumba ilipendeza. Siwezi kuandika maungamo nikakana na hilo. Ilikuwa nyeupe, imenyooka, na shata lilikuwa la bluu. Majirani wawili waliniomba nambari ya fundi, nami nikawapa kwa fahari.

Halafu mwezi Disemba 2009 umeme wa kutoka Bara ukakatika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Kila baraza ikawa na jenereta. Ilikuwa katika wakati huo mpangaji wangu alipoona nyuma ya meza yake, kwenye kimo cha goti, lipu imevimba. Alipoigusa ikaanguka kipande kizima, na nyuma yake kulikuwa na unga mweupe kama wa ngano. Aliniita. Nilichutama, nikautia ulimini. Ulikuwa chumvi tupu.

"Dada, hizi jenereta," nikamwambia. "Zinatikisa mtaa mzima. Kuta zote zinapasuka."

Alinitazama, akatazama jenereta ya jirani iliyokuwa ikinguruma, akaamini. Nilifuta ule unga, nikaziba kwa saruji, nikapaka rangi ya plastiki ambayo haipitishi hata pumzi. Umeme uliporudi ikanibidi nitafute sababu nyingine, nikaipata: pikipiki. Baada ya pikipiki ikawa jirani aliyechimba msingi.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Mji umekalia rasi, bahari haiko mbali na msingi wa nyumba yoyote, na unyevu wa ardhini wenye chumvi hupanda ukutani wenyewe, kidogo kidogo, kupitia vitundu vya jiwe na udongo. Ukuta wenye chokaa huutoa unyevu huo kwa upana wake wote, kwa hiyo haupandi mbali. Chumvi inabaki juu ya lipu, lipu inaharibika taratibu, na baada ya miaka unaibandua na kupiga nyingine. Lipu ya chokaa imewekwa pale iharibike badala ya jiwe. Saruji inageuza mambo. Unyevu unafika nyuma yake, unakosa njia, unapanda zaidi ukitafuta pengine. Chumvi inaganda ndani, kati ya lipu na jiwe, na ikiganda inatanuka, inasukuma, inaivunja ngozi ya jiwe lenyewe. Na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko ukuta ilioshikizwa, nyumba ikijinyoosha kwa joto la mchana na baridi ya usiku saruji haiwezi kuifuata, inapasuka nyufa nyembamba. Mvua inaingia kwa nyufa hizo na haina pa kutokea. Kwa hiyo maji ya chini yalipanda, ya mvua yaliingia ubavuni, na ya choo changu yaliteremka kutoka juu, kwa sababu bomba nililolifukia liliungwa vibaya na hakuna aliyeweza kuliona likivuja. Yote yakaelekea kwenye zile ncha za boriti.

Masika ya 2017 sakafu ya chumba cha mbele cha juu ilishuka upande mmoja, kiasi cha viganja viwili, kwa mara moja. Mama aliyekuwa amepanga juu alikuwa jikoni nyuma. Alisikia mlio, akatoka na watoto kupitia ngazi ya nyuma. Chini, kifusi na maji machafu viliangukia majora ya vitambaa vya mpangaji wangu, bidhaa aliyoiagiza kwa ajili ya Ramadhani. Hakuna aliyeumia. Nimelisema hilo mara nyingi sana kwa watu, kama kwamba ni mimi niliyelipanga.

Tulipozuia sakafu kwa milunda, nilipanda ngazi nikatia mkono katika tundu la boriti ya kwanza. Nilichotoa kilikuwa unga wa kahawia, wenye unyevu, na mchwa ndani yake. Boriti yenyewe, shubiri moja tu kutoka ukutani, ilikuwa ngumu kiasi kwamba msumari ulipinda. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Miti iliyokaa mahali pale tangu kabla ya babu yangu, na mwili wake bado mzima, imeoza katika ile sehemu tu niliyoifungia maji.

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Niliwapigia simu ndugu zangu nikawaambia nyumba imezeeka, boriti zimechoka, tuchangishane. Wakachanga. Dada wa Muscat alituma zaidi ya sehemu yake. Nilitumia fedha zile kuweka mihimili ya chuma chini ya sakafu, nikaificha kwa dari ya plastiki, na ncha za mihimili nikazijengea kwa zege katika ukuta uleule. Mpangaji wangu nilimlipa nusu ya thamani ya vitambaa vyake, nikamwambia ni hisani, kwa kuwa mvua ni kazi ya Mungu. Akanishukuru. Katika yote niliyoyafanya, shukrani ile ndiyo inayonitesa nikiikumbuka.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka katikati ya ukarabati. Watu wawili walifariki. Kisa cha jumba lile si kisa changu, nalo limejengwa kwa namna yake, kwa nguzo za chuma na kumbi ambazo nyumba ya duka haina, wala sitajifanya mjuzi wa sababu zake. Lakini nilikuwa Forodhani siku ile, nikaona vumbi, nikaona watu wazima wakilia. Jioni nilikwenda nyumbani kwetu nikawaambia walio juu watoke, na aliye chini afunge, na kwamba nitawaeleza. Mama wa juu aliniuliza kama kuna jambo jipya limetokea. Nikamwambia hakuna jipya.

Ndugu zangu niliwaeleza kwa simu, wote watatu kwa pamoja, kwa sababu nilijua nikianza mmoja mmoja nitambadilishia kila mtu kidogo. Mdogo wangu wa kiume alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hivyo, kaka, tumelipia saruji mara mbili." Dada mdogo alikata simu na hakuzungumza nami mpaka Ramadhani. Wa Muscat aliuliza swali moja tu, "Na milango?" Nilidhani ameisahau. Nikamwambia niliiuza. Akauliza kwa bei gani. Nikamtajia. Akapiga hesabu palepale: kwa kuwa sisi ni wanaume wawili na wanawake wawili, na mama amekwishatangulia, fungu lake ni moja katika sita. Akataka alitumiwe. Ilikuwa fedha ndogo, haifiki hata nauli ya ndege, na alitaka itumwe kwa njia ya benki ili iandikwe. Nikaituma. Ameniambia baadaye kwamba alipokuwa mdogo kazi ya kukunja ile milango asubuhi ilikuwa yake, na kipande cha tatu kutoka kushoto kilikuwa na tundu alilokuwa akichungulia wapita njia kabla baba hajashuka.

Ofisi ya vibali niliwaandikia barua. Nilitegemea faini, pengine zaidi. Walikuja kuangalia, safari hii wakagonga ukuta kila mahali, wakanipa masharti mapya, na kijana mmoja kati yao aliniambia, bila ukali, kwamba barua kama yangu ni chache lakini kuta kama wangu ni nyingi.

Fundi mzee nilimtafuta. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaikataa kazi. Alisema ukuta uliokwisha kupigwa simenti haugusi, kwa sababu simenti ikitoka inatoka na uso wa jiwe, na yeye hataki mkono wake uwe wa mwisho juu ya jambo hilo. Akanipa mtoto wa ndugu yake. Alikuwa na haki. Tumebandua kwa patasi ndogo, shubiri kwa shubiri, na bado mawe mengi yametoka yamevunjika mbele. Mengine yalikuwa yamegeuka unga, unayachota kwa kijiko. Chini, karibu na msingi, ipo sehemu tuliyoiacha na saruji yake, kwa sababu kuitoa kungeuangusha ukuta. Boriti mpya zilichukua muda mrefu kupatikana, maana mikoko siku hizi haikatwi ovyo, inahitaji ruhusa, na miti minene iliyonyooka imekuwa adimu. Katika chumba kimoja tumeishia kutumia mbao ngumu za msumeno. Choo kimehamishiwa nyuma, bomba lake liko nje ya ukuta linapoonekana na kila mtu, baya kama nini. Lipu ya chokaa iko mkono wa pili mbele na haijaanza kabisa ubavuni. Ukuta umerudi kuwa na mawimbi, na kiganja ukikipitisha kinatoka cheupe.

Shata limebaki. Nilikusudia kuchongesha milango mipya ya kukunja kwa kufuata alama za bawaba zilizosalia kwenye nguzo moja, nikampelekea mpangaji michoro. Nilikuwa nimekwisha kumlipa nusu iliyobaki ya vitambaa vyake na kumweleza ni ya nini. Aliipokea bila kunishukuru, nikafurahi. Michoro aliitazama akasema, "Mizuri, kaka. Lakini shata nalifunga peke yangu kwa mkono mmoja. Ile milango atanikunjulia nani?" Sikuwa na jibu. Kizingiti tulichokikata tumekiongezea nguvu kwa ubao pembeni, na shata la bluu linaendelea kupanda na kushuka chini ya ukuta wa chokaa.

Mmoja wa wale majirani wawili niliowapa nambari ya fundi kijana hakuwahi kuitumia wakati ule, fedha zilimwishia. Mwezi uliopita aliuza shamba, na sasa mifuko ya saruji imepangwa barazani kwake, imefunikwa turubai. Nilikwenda. Nilichukua ncha mbili za boriti nilizozihifadhi, nikazimwaga mbele yake juu ya gazeti, nikamweleza kila kitu, na mkaguzi nikamtaja, na jenereta, na dada yangu. Alinisikiliza kwa heshima zote, kahawa ikaletwa. Kisha akasema kwamba ya kwangu hata hivyo ilikaa miaka minane kabla ya kuanguka, kwamba yeye ana umri wa miaka sabini na mbili, na kwamba mpangaji wake anaingia kabla ya Idi. Akaniomba tena ile nambari, maana aliipoteza. Nilimwambia sinayo. Ninayo, na siku ya pili nikamkuta yule fundi, si kijana tena, yuko barazani kwa jirani anapima upana wa mlango.